Kagua mzinga kabla nyuki hawajakuhama

Asalaam aleikum, karibuni tena shambani kwangu Gede. Leo tunakagua afya ya nyuki kwenye mzinga wa vibao vya juu, ule wa KTBH, yaani Kenya Top Bar Hive. Sasa ni saa kumi na moja jioni, jua limepoa. Mchana kwa joto letu hili usifungue: nyuki ni wakali, na nta imelainika. Hiyo nta nitairudia mpaka mnichoke.

Vaa, washa bomba la moshi. Mimi natia makumbi ya nazi. Wengine hutia mavi ya ng'ombe, shauri yao, mimi asali yangu nataka inukie asali. Puliza mara mbili tatu mlangoni, ngoja kidogo, kisha…

"Mjomba, sisimizi!"

Wapi? Sogeza kamera waone. Lo, mstari mzima! Na waya wa kuning'iniza mzinga nimeupaka grisi juzi tu. Wamepitia wapi hawa? Aa, tazama, tawi la muarobaini limegusa mzinga. Nipe panga. Haya. Grisi haina kazi kama umewaachia daraja pembeni. Na nyuki wetu wa pwani hawabembelezwi, wakisumbuliwa wanafungasha.

Kifuniko kimetoka. Gonga vibao kwa kidole, panapolia kitupu hapana sega, anzia hapo. Toa kimoja upate nafasi. Kinachofuata kibandue kwa kisu, kiinue wima.

Hapa tulia. Sega hili halina fremu wala waya, limeshikwa na nta peke yake. USILILAZE. Mwaka wangu wa kwanza nililaza sega kama sinia niwaonyeshe wageni. Likakatika, asali na majana, yaani watoto wa nyuki, chini, nyuki wakatukimbiza hadi barabarani, na wiki ile ile kundi likahama. Ukitaka kuona upande wa pili, inua ncha moja mpaka kibao kisimame, kizungushe kama mlango, kisha shusha ile ncha. Narudia kwa mkono mtupu: simamisha, zungusha, shusha. Sega halilali hata mara moja.

Sasa tunatafuta nini? Malkia usihangaike naye. Tafuta mayai, moja moja chini ya vitundu, kama punje nyembamba nyeupe. Yai huanguliwa baada ya siku tatu, kwa hiyo ukiliona, malkia alikuwepo siku hizi tatu. Majana yaliyofunikwa yawe yamejaza sega, yasiwe matundu matundu kama mdomo wa babu.

Huyo mweusi anayekimbia ni mende wa mzinga. Msiogope mmoja wawili. Kwao ni huku kwetu Afrika, na nyuki wetu humsukumia pembeni wakamzungushia gundi yao. Wamarekani ndio waliolia naye alipoonekana Florida mwaka 1998. Ukinusa asali iliyochacha na kuona mafunza, hapo kundi limedhoofika. Utando kama wa buibui ni nondo wa nta: toa masega matupu, punguza nafasi, nyuki wabaki na wanachoweza kukilinda. Utitiri wa varroa, kidudu kinachowanyonya nyuki, nao ulithibitishwa Kenya mwaka 2009, lakini mimi dawa sitii. Makundi yangu yanaishi nao, na asali yenyewe naila.

Maji weka karibu, beseni lenye mawe ya kutua. Ukivuna, masega ya majana usiyaguse, na asali waachie, hasa mvua za masika zikikaribia.

Rudisha vibao kwa mpangilio ule ule, vibanane, na… mpwa wangu, unaona nilivyokishika? Wima! Hata wakati wa kurudisha, wima.

Mizinga kama huu tunatengeneza hapa hapa. Vibao vina upana wa milimita 32, saizi ya nyuki wetu. Fundi akikwambia 35 ni sawa tu, mwambie hiyo ya nyuki wa Ulaya, wako watajenga sega kombo, nawe hutainua kitu. Anayetaka aulize gharama hapo chini, na aseme yuko wapi, maana kusafirisha hadi Lamu ni bei nyingine.