Oktoba 1962: Nani Alimsitiri Nani?

SALMA: Assalaam aleikum na karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi Salma, na kaka yangu Baraka yuko hapa mezani na makaratasi yake tele. Leo ni Vita Baridi, ila hatutaimeza yote kwa mkupuo mmoja. Tumechukua siku 13 tu za Oktoba 1962, Marekani na Umoja wa Kisovieti walipofikishana ukingoni kwa sababu ya makombora ya Kuba.

BARAKA: Asante dada. Mimi nina dukuduku na kisa hiki. Shuleni tulikisoma kwa mistari mitatu: Mrusi kapeleka makombora, Rais Kennedy wa Marekani kakaza, Mrusi kayaondoa. Nimeishi na hadithi hiyo miaka mingi, kumbe imekatwa katikati.

SALMA: Haya, ianzie basi inapoanzia.

BARAKA: Inaanzia Uturuki. Marekani walikuwa wameweka makombora 15 aina ya Jupiter karibu na Izmir, na mengine 30 Italia, yote ya nyuklia. Ukisimama pwani ya Bahari Nyeusi upande wa Wasovieti, Uturuki iko ng'ambo tu. Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alikuwa analiwaza hilo kila mara. Halafu kuna Kuba yenyewe. Aprili 1961 Wakuba kama 1,400 waliokuwa uhamishoni, waliofunzwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walishuka Ghuba ya Nguruwe huko Kuba kwenda kumpindua kiongozi wake, Fidel Castro. Walishindwa ndani ya siku tatu, lakini Castro hakudanganyika. Alijua watarudi, na safari hiyo watakuja na jeshi lenyewe.

SALMA: Kwa hiyo mmoja anaogopa kuvamiwa, na mwingine ana makombora mlangoni kwake. Hapo ndipo wakakutana.

BARAKA: Hapo hapo. Wasovieti wakaipa kazi hiyo jina la Anadyr, ambao ni mto wa huko kaskazini kabisa, kwenye barafu. Wanajeshi wakagawiwa makoti mazito ya baridi na hata mbao za kutelezea kwenye theluji, ili yeyote atakayechungulia adhani wanakwenda huko. Kumbe wanakwenda Karibi! Walifichwa chini ya sitaha za meli za mizigo, joto la kuoka mkate, wanaruhusiwa kupanda juu kuvuta hewa usiku tu. Mwishowe walifika kama 42,000. Wamarekani walidhani hawafiki hata nusu ya hapo.

SALMA: Na makombora yenyewe yakaonekana tarehe 14 Oktoba. Ndege ya upelelezi ya U-2 ilipiga picha za eneo la San Cristóbal, na asubuhi ya tarehe 16 Kennedy akawekewa mezani. Siku 13 zinahesabiwa toka hapo. Tarehe 22, saa moja jioni kwa saa za Washington, akalihutubia taifa kwenye televisheni. Mimi nimelishika neno moja katika hotuba ile. Alisema ataweka "karantini" baharini.

BARAKA: Neno la hospitali.

SALMA: La hospitali kabisa. Kwa sheria za kimataifa, kuizingira nchi kwa meli za kivita ni kitendo cha vita. Kwa hiyo akachagua neno ambalo halimlazimishi mwenzake kujibu kwa risasi. Wanajeshi wake wengi walitaka Kuba ipigwe kwa ndege mara moja. Yeye akanunua muda kwa neno.

BARAKA: Na muda wenyewe ulikuwa haba, maana hawa wakubwa walikuwa hawana hata njia ya kuzungumza. Balozi wa Kisovieti mjini Washington, Anatoly Dobrynin, alisimulia baadaye walivyokuwa wakituma taarifa zao Moscow. Ujumbe ukishaandikwa kwa maneno ya siri, wanaipigia simu kampuni ya telegramu. Anakuja kijana mmoja mweusi na baiskeli yake, anachukua karatasi, anaondoka. Dobrynin anasema walikuwa wakibaki wanaomba Mungu tu kijana asisimame njiani kupiga soga na msichana.

SALMA: Ya Rabi! Dunia nzima imefungwa kwenye kibebeo cha baiskeli.

BARAKA: Upande wa pili nako hivyo hivyo. Barua ya Khrushchev ya tarehe 26 ilikabidhiwa ubalozi wa Marekani Moscow, ikachukua saa nyingi kutafsiriwa na kutumwa vipande vipande. Lakini barua hiyo, dada, natamani kila mtu aisome. Alimwambia Kennedy kwamba wao wawili wasiendelee kuvuta ncha za kamba iliyofungwa fundo la vita. Kadiri wanavyovuta ndivyo fundo linavyokaza, mpaka aliyelifunga mwenyewe hataweza kulifungua, na hapo itabidi likatwe.

SALMA: Kila mvuvi anaijua kamba hiyo. Imelowa maji, imekazwa pande mbili, huifungui tena kwa vidole.

BARAKA: Kesho yake, Jumamosi tarehe 27, kamba karibu ikatwe. Asubuhi Radio Moscow ikatangaza sharti jipya: na makombora ya Marekani yaliyo Uturuki yaondoke. U-2 nyingine ikatunguliwa juu ya Kuba, rubani Rudolf Anderson akafa. Siku hiyo hiyo rubani mwingine akapotea akaingia anga la Wasovieti, upande wa Chukotka. Na chini ya maji kulikuwa na nyambizi B-59.

SALMA: Hapa twende taratibu, tafadhali.

BARAKA: Nyambizi nne zilitoka kaskazini mwa Urusi tarehe 1 Oktoba, kila moja na torpido moja ya nyuklia, yaani kombora linalopita chini ya maji. Zilijengwa kwa bahari za baridi. Katika maji ya joto karibu na Kuba zikageuka tanuri, joto ndani likapita nyuzi 45. Maji ya kunywa yanapimwa kwa glasi, hewa chafu, watu wanaanguka. Mawasiliano na Moscow hakuna. Meli za Marekani zikaanza kuwarushia baruti ndogo ndogo za kuwalazimisha wapande juu. Aliye ndani hajui kama ni ndogo. Anasikia nyundo juu ya pipa la chuma alilokaa ndani yake.

SALMA: Na anadhani vita imeshaanza.

BARAKA: Nahodha Valentin Savitsky alidhani hivyo. Kwa simulizi za waliokuwemo, aliagiza torpido ile iandaliwe. Aliyemtuliza ni Vasili Arkhipov, mnadhimu wa kikosi kizima cha nyambizi, aliyekuwa amepanda chombo hicho. Mwaka mmoja nyuma Arkhipov alikuwa ndani ya nyambizi nyingine, K-19, mtambo wake wa nyuklia ulipoharibika, akaona kwa macho yake mionzi inavyomfanya binadamu. Nyambizi ikapanda juu kimya kimya. Watu waliijua habari hii hadharani mwaka 2002, yeye akiwa kaburini tangu 1998.

SALMA: Jina hilo lingestahili kufundishwa kabla ya majina ya marais.

BARAKA: Usiku ule ule Robert Kennedy, mdogo wake rais, akakutana na Dobrynin. Makubaliano ya wazi yalikuwa haya: ninyi ondoeni makombora, sisi tunaahidi kutoivamia Kuba. Ya faragha: na yetu ya Uturuki yataondoka baada ya miezi minne au mitano, ila asitajiwe mtu. Tarehe 28 Khrushchev akakubali kupitia redio. Aprili 1963 yale ya Jupiter yakawa yameondoka Uturuki.

SALMA: Kwetu Unguja hiyo inaitwa kumsitiri mtu. Umempa mwenzako nguo ya kutokea nje. Khrushchev akatoka na ahadi ya Kuba, Kennedy akatoka na siri yake.

BARAKA: Nguo hazikuwa sawa, dada. Kennedy alisitiriwa zaidi, na Khrushchev akaonekana mbele ya watu kama aliyekimbia. Oktoba 1964 wenzake wakamwondoa madarakani, na fedheha hii ilikuwa mojawapo ya mashtaka. Na siri ile ilitunzwa miaka zaidi ya 20. Mwaka 1989 Theodore Sorensen, aliyekuwa mwandishi wa hotuba za Kennedy, alikiri kwamba alipohariri kumbukumbu za Robert Kennedy aliifuta sehemu ya makubaliano ya Uturuki. Hebu fikiria viongozi wangapi wamekua wakiamini kwamba mbele ya adui dawa ni kukaza tu, wasijue kuwa kuna kitu kilitolewa.

SALMA: Hofu ile ilifika mpaka kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wamarekani walikuwa wanaiita Zanzibar "Kuba ya Afrika" kwa wasiwasi. Lakini niulize, Castro mwenyewe alisitiriwa na nani?

BARAKA: Hakuna. Habari kwamba makombora yanaondoka aliipata redioni kama mtu mwingine yeyote. Alikasirika, akakataa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wasikanyage nchini mwake. Ikabidi meli za Wasovieti zifunue makombora sitahani, katikati ya bahari, ili ndege na meli za Marekani zihesabu.

SALMA: Na ndipo akatumwa Anastas Mikoyan, naibu wa Khrushchev serikalini, kwenda kumtuliza.

BARAKA: Akafika Havana tarehe 2 Novemba. Mkewe Ashkhen alikuwa mgonjwa sana Moscow. Siku iliyofuata, akiwa ndiyo kwanza ameanza mazungumzo na Castro, akaletewa habari kwamba mkewe amefariki.

SALMA: Innalillahi.

BARAKA: Mwanawe Sergo, waliyekuwa wamefuatana, akarudi kumzika mama yake. Mzee akabaki Havana zaidi ya wiki tatu, akikaa na Castro, akisikiliza hasira zake, akimweleza pia kwamba hata silaha ndogo za nyuklia ambazo Wamarekani hawakuwa na habari nazo, karibu 100, zitaondoka.

SALMA: Alikwenda kuomba radhi ya jambo ambalo hakulipanga yeye, na msiba wake akauacha nyumbani.

BARAKA: Na silaha zile zikaondoka zote.