Sur, jua likishuka: kila pahala na saa yake

Hamjambo wapenzi? Mnausikia upepo huo? Nimeifunika maiki kwa kitambaa lakini hapa Al Ayjah, mtaa wa Sur, upepo haufungiki. Nyuma yangu ule mnara wa taa, na maji yale ni mlango wa khori ya Sur, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Nimetoka Muscat asubuhi, kilomita kama 200, nimekuja kuwajibu mnaoniandikia kila wiki: dada, Oman tupige picha wapi? Bibi yangu naye anaangalia kwa simu ya binamu. Shikamoo bibi! Hii ndiyo ile Suri yako, walikotoka Wasuri waliokuja Unguja na kaskazi.

Sasa, wapi si tabu. Tabu saa. Mwaka wangu wa kwanza huku nilirudi na picha nyeupe pe, kwa sababu nikitoka nyumbani saa nne. Saa nne jua limeshapamba moto: jabali rangi ya chokaa, mchanga rangi ya chokaa, na mbingu imefifia kwa vumbi. Nikaambiwa, we toka alfajiri na magharibi tu. Nikashika hayo kama msahafu, na yenyewe yakaniponza.

Njiani, kabla ya Tiwi, lipo shimo la Bimmah. Wenyewe huliita Hawiyat Najm, kwa ile hadithi kuwa nyota ilianguka pale. Wataalamu wanasema ni jabali la chokaa lililoliwa na maji chini kwa chini mpaka dari likaporomoka. Mie nikafika saa kumi na mbili asubuhi, nimejiandaa, betri mbili. Giza! Shimo lina kina cha mita kama 20, jua la asubuhi linapita juu kwa juu, maji yamenuna kama chai ya rangi. Nilichopata ni picha za ngazi. Nikarudi siku nyingine saa sita kasoro, jua lile lile kali ninalolitukana likaingia mpaka chini na maji yakawaka kijani. Simu tupu inatosha, huhitaji kamera ya mamilioni.

Wadi Shab, lile bonde la mto, vilevile, usiende mapema mno. Unavushwa kwa mashua chini ya daraja la barabara kuu, unatembea kama dakika 45 kati ya majabali na mitende, halafu unaogelea. Jua likipiga ukuta wa huku, wa kule unapata mwanga laini wa kurudishwa, na uso wa mtu unatoka mzuri ajabu. Kamera yangu ya zamani iliishia humo, nilimsikiliza mtu aliyeniambia mfuko wa plastiki wa dukani unatosha. Hautoshi. Tuendelee.

Qalhat nilipita tu. Mji wa kale, uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2018, na kilichosimama ni kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, na hapa alifika. Nilipigia nje ya uzio.

Jengine, joto la unyevu. Ukitoa kamera kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi inaingia ukungu hapo hapo, na ukiifuta ndiyo unaipaka. Mie naiweka kwenye buti la gari nusu saa kabla sijafika. Na droni msije nazo kienyeji, inatakiwa kibali. Mama wa watu naye humpigi picha mpaka umuombe.

Kesho nalala Ras al Jinz, kwa kasa. Usiku wakipanda kutaga picha hairuhusiwi, mwanga unawababaisha, na mie naona ndivyo inavyotakiwa. Msafara wa alfajiri ndio wetu. Ukibahatika unamkuta mmoja amechelewa, anajiburura kurudi majini, nyuma yake alama kama za tairi la trekta, na jua linatoka baharini kama kwetu Jambiani.

Lakini leo mchana nilikuwa kiwanda cha majahazi, ng'ambo ile. Sur ndiyo iliyounda jahazi la Fatah al-Khair mwaka 1951, nalo limewekwa huko mjini, limerudishwa kutoka Yemen. Kiwandani nikahangaika kutafuta jahazi zima liingie kwenye picha. Mzee mmoja aliyekaa kivulini kaniangalia weee, halafu kwa Kiswahili cha Unguja kuliko changu kaniuliza, "Mwanangu, mbona unapiga kama wa mamlaka ya bandari?" Nikacheka. Kaniingiza ndani ya jahazi, baina ya mataruma, zile mbavu za chombo. Mwanga unapenya kwenye nafasi za mbao, mistari mistari, vumbi la msaji linaelea, na mkono wa fundi unakalafati. Nilipiga moja tu. Nitaiweka mwisho wa video.

Haya, tazameni kule mjini, kuta nyeupe zimeshaanza kugeuka rangi ya embe. Dakika kumi hivi halafu basi. Nageuza kamera. Bibi, usizime simu.