Piga mwenyewe hesabu ya umbali wa ndege kutoka Kisumu

Hamjambo wapendwa, karibuni tena Kisumu. Mimi hukatia watu tiketi za ndege, na hata kabla ya bei mtu huuliza, "Mpaka Nairobi ni dakika ngapi?" Leo mtajipigia wenyewe.

Fungua Google Maps, tafuta uwanja wetu. Hiyo mnajua. Sasa finya katikati ya barabara ya kurukia na usiachilie mpaka pini nyekundu itokee. Namba mbili zimetokea hapa juu... ngoja, jua linapiga kioo, hamwoni kitu. Nisogee kivulini. Haya. Kisumu: -0.086, 34.729. JKIA, uwanja wa Nairobi, vivyo hivyo: -1.319, 36.928.

Tafuta tofauti ya zile za kwanza: 1.233. Za pili: 2.199. Kila moja izidishe kwa yenyewe, ujumlishe: 6.356. Laza simu upande, kalkuleta itoe alama ya kipeuo cha pili (√), bonyeza: 2.521. Zidisha kwa 111, maana huku kwetu digrii moja ni kama kilomita 111. Kilomita 280! Kwa barabara ni kama 350, na hapo bado malori hayajakuziba njia. Lakini msiende kupima London hivi. Huko mistari ya longitudo, ile ya namba za pili, imekaribiana, jibu litakuwa la uongo.

Sasa tulieni hapa. Alama ya kutoa. Angalia Eldoret: 0.404, 35.239. Ile ya kwanza haina alama! Eldoret iko kaskazini ya ikweta, Kisumu kusini. Hapa za kwanza hutoi, unajumlisha: 0.490. Mmoja kaskazini, mwingine kusini, jumlisha. Ukitoa utapata kilomita 67, na ukweli ni karibu 79. Angalia alama kabla hujagusa kitu. Nasema tena, alama!

Muda ni rahisi. Ndege ya propela kama ATR 72 hukimbia kama kilomita 500 kwa saa. 280 gawa kwa 500 ni 0.56. Hizo si dakika 56, jamani! Zidisha kwa 60, upate kama 34. Ongeza 15 za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, unakaribia 50. Huo mngurumo ni boda, si ndege, mtanisamehe. Mimi hata jeti ikiwepo napenda propela: haiendi juu sana, Bonde la Ufa unaliona vizuri.

Tovuti ikikuambia Nairobi ni 151, usigombane nayo. Hizo ni maili za baharini. Zidisha kwa 1.852.

Zoezi: Mombasa. Namba zake ni -4.035, 39.594. Ukipata karibu kilomita 700, uko sawa. Niandikieni jibu hapo chini, na wa tiketi za Disemba waje mapema.