Waliongoza Tano kwa Moja

Wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana wa chandimu mliojazana huku mbele: shikamooni, na habari za jioni.

Wengi hapa Mtwara mnawakumbuka Wafini, watu wa Finland. Miaka ya 1970 walikuja na mradi wa maji wa Mtwara na Lindi. Leo nazungumzia timu yao ya taifa ya hoki ya barafuni: watu sita kila upande, golikipa akiwemo, viatu vyenye wembe wa chuma chini, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha raba.

Walianza kucheza mashindano ya dunia mwaka 1939. Medali ya Olimpiki wakaisubiri hadi 1988 kule Calgary, nayo ilikuwa ya fedha. Katikati hapo walionewa sana na jirani yao, Uswidi. Mwaka 1986 wanaongoza 4-2, imebaki chini ya dakika moja, Anders Carlsson akawafunga mawili. Sare!

Ubingwa wa dunia ulikuja 1995, Stockholm kwa Waswidi wenyewe, 4-1, Ville Peltonen akifunga matatu. Na kocha wao, Curt Lindström, alikuwa Mswidi. Walikubali kufundishwa na mtu wa kwa jirani. Hilo mimi naliheshimu mno.

Lakini 2003, Helsinki, robo fainali, Uswidi tena: wanaongoza 5-1, wakalala 6-5. Hebu fikirieni uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona umefurika, halafu watu wanatoka kimya, hakuna anayemsemesha mwenzake. Walirudi mazoezini. Fainali ya 2011 wakaipiga Uswidi hiyo hiyo 6-1, na 2022 wakabeba dhahabu ya Olimpiki na ubingwa wa dunia mwaka mmoja.

Wachezaji wanawatoa wapi? Wako kama milioni 5 na nusu tu. Sisi Mtwara na Lindi, kwa sensa ya 2022, tunapita milioni 2.8. Baridi ikikaza, wanaumwagia maji uwanja wa shule, tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa kioo. Taa zinawashwa, watoto wanateleza hadi waitwe kula. Waliotuletea maji ya kunywa, kwao maji ndiyo uwanja.

Juzi nimepita shule moja huku kwetu. Goli limebaki nguzo moja, na katikati ya uwanja zimeanikwa korosho. Watoto wanacheza pembeni, kwenye mchanga, jiwe likiwa nguzo ya pili. Mwalimu wao yupo hapa, tumekubaliana Jumamosi asubuhi tukaichimbie. Boriti ninayo. Mwenye sururu aje nayo.