Jinsi ya kuishi miezi tisa kwenye chumba cha mabaharia: tujipange kutokea Ujiji

Asalaam aleikum, na habari za wakati huu. Nipo nyumbani Ujiji, barazani kwetu, mdogo wangu ndiye ameshika kamera. Video hii ni ya kijana wa Kigoma, uwe Kasulu, Kibondo, Uvinza au hapa mjini, uliyepata kazi kwenye meli ya utalii na hujawahi kulala baharini hata usiku mmoja. Mimi nimemaliza mikataba mitatu ya kusafisha vyumba vya abiria, kila mmoja miezi tisa. Mara ya kwanza nilitoka hapa sijui lolote kuhusu maisha ya mle ndani, na wiki tatu za mwanzo nililia karibu kila siku. Sitaki na wewe ulie kwa mambo ambayo mtu angeweza kukuonyesha kwa dakika chache.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Kule hakuna Ijumaa wala Jumapili. Utafanya kazi saa kumi, siku nyingine zaidi, na kesho yake tena, mpaka mkataba uishe. Wenye nguvu nimewaona wakishindwa, na wembamba kama mimi wakamaliza, kwa sababu walijua kulala. Kila nitakachokuonyesha leo, kuanzia begi mpaka saa ya mkononi, ni cha kulinda usingizi wako na wa mwenzako.

Tuanze na karatasi, haraka haraka. Pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha afya cha baharia, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama. Mafunzo hayo mimi niliyapata Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini. Vyote hivi vitie kwenye mfuko wa plastiki na uvibebe mkononi. Visiingie kwenye begi kubwa, maana begi linaweza kufika siku nne baada yako. Piga picha kila ukurasa, umwachie mtu nyumbani.

Hapa nasema kwa uchungu. Kuna wakala alichukua pesa ya mbuzi wawili wa mama yangu kwa ahadi ya kazi, na kazi haikuwepo. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza wakala kukutoza ada ya kukutafutia kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya unaweza kulipia mwenyewe. Viza ni gharama ya mwenye meli. Ukiambiwa "toa kidogo tukuwekee nafasi", aga uondoke.

Haya, sasa kamera ishuke chini. Unaona mistari hii ya chaki sakafuni? Hiki ni chumba nilichokaa mkataba wa kwanza: mita tatu kwa mbili na nusu, watu wawili. Hapa ukutani ni kitanda cha dabodeka. Hapa makabati mawili membamba, upana wake kama mlango wa kabati la vyombo. Hapa meza. Na pembeni hapa ni bafu. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unagusa kitanda upande huu na kabati upande ule. Dirisha hakuna, kwa sababu vyumba vyetu viko chini. Ukizima taa ni giza, iwe saa sita mchana au saa sita usiku.

Fanya hivi leo nyumbani kwako. Chora mistari kama hii, mwite ndugu yako, ingieni wote na mabegi yenu, kisha mjaribu kuvaa nguo za kazi kwa wakati mmoja bila kukanyaga nje ya chaki. Mtaelewa kwa dakika mbili. Ndiyo maana nasema achana na sanduku gumu. Litakosa pa kwenda. Chukua begi laini linalokunjika, ukishatoa vitu unalilaza chini ya godoro au juu ya kabati.

Ndani ya begi sitakutajia kila kitu, nguo unazijua mwenyewe. Nitataja vile ambavyo hakuna aliyeniambia. Kwanza sumaku zenye ndoano. Kuta za meli ni za chuma. Twende kwenye geti letu nikuonyeshe. Naibandika, tap! Naning'iniza kanga mbichi, inakaa. Ukiwa na sumaku nane una henga, una pa kuweka taulo, una pa kubandika ratiba ya kazi, na sakafu inabaki tupu. Pili, tochi ndogo, ili ukirudi saa tisa usiku usiwashe taa kubwa. Tatu, adapta, maana plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii kwenye soketi nyingi za kule. Nne, kanga mbili. Kanga ni taulo, ni shuka, ni pazia, na siku ukiumwa ni nyumbani.

Vya kuacha: pasi, jagi la kuchemshia maji, mishumaa, waya wa kuongezea soketi, na kwa wenzangu wa Ujiji, udi na ubani. Najua inauma. Lakini jambo linaloogopwa kuliko yote melini ni moto, kwa sababu huwezi kukimbilia kwa jirani. Ukikamatwa navyo vitachukuliwa, na unaweza kurudishwa nyumbani. Acha mawese pia, chupa ikivuja ndiyo basi tena. Na migebuka ya kukausha, samaki wetu wa ziwani, hata kama mama ameikaanga kwa mapenzi yote, itanukia chumba kizima na korido, na mwenzako kutoka nchi nyingine hataelewa.

Siku ya kupanda meli. Utachoka, utapewa sare, kadi na namba ya chumba, na kabla hujajua choo kiko wapi utaitwa kwenye mafunzo ya dharura. Sikiliza king'ora hiki: milio mifupi saba au zaidi, kisha mmoja mrefu. Ukikisikia unavaa jaketi la kujiokolea na kwenda kituo chako cha kukusanyikia. Jioni ile ile, ukishamaliza kazi, tembea kutoka kitandani mpaka kituo chako mara mbili, moja kwa njia ya kawaida na moja kwa ngazi nyingine, huku unahesabu milango kwa mkono ukutani. Nafanya hivyo kila meli. Korido zinafanana zote, na moshi au giza vikiwepo mkono wako ndio utakaokuongoza.

Halafu kaa na mwenzako wa chumba. Msiache lipite bila kusemwa. Muulize zamu yake inaanza saa ngapi, kisha mwambie yako. Kubalianeni mambo matatu: simu ziwe kimya chumbani, kengele ya kuamsha ilie mara moja tu, na anayetoka wakati mwingine amelala awe ameandaa nguo tangu jana yake. Mwenzangu wa kwanza alikuwa dada wa Ufilipino, hatukuwa na lugha moja iliyonyooka, lakini tuliandika kwa karatasi tukabandika mlangoni kwa sumaku. Tuliishi vizuri miezi yote.

Na usingizi wenyewe una sheria. Mkataba ule ule wa 2006 unataka upate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Saa hizo 10 haziruhusiwi kukatwa zaidi ya vipande viwili, na kimoja kiwe angalau saa 6. Kipande hicho ndicho kitanda chako. Ukitoka kazini usiende kwanza kwenye ukumbi wa mabaharia kupiga stori mpaka zibaki saa tatu. Na ile karatasi ya saa za kazi utakayopewa kusaini, isome kabla ya kuweka jina lako.

Sasa kufua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanateseka. Sare inafuliwa na meli. Nguo zako na za ndani ni juu yako. Mashine za mabaharia zipo, lakini ukimaliza kazi utakuta foleni, na kusubiri kule kunakula ule muda wako wa kulala. Mimi nafua kila siku kidogo, nikiwa naoga. Kamera sogea hapa. Hili bakuli ndilo ukubwa wa sinki la kule. Soksi mbili, fulana moja, nguo ya ndani. Sabuni ya kipande, siyo ya unga, ya unga haiishi kusuuzwa kwenye sinki dogo. Sugua kola, kwapa na nyayo tu, kwingine maji yanatosha. Suuza mara mbili. Ukikamua usinyonge kama unanyonga nazi, utaivuta fulana. Ibonyeze hivi.

Sasa angalia: natandaza taulo kavu, naweka fulana juu yake, nakunja kingo, kisha naviringisha kama mkeka. Napiga goti juu yake, napita nalo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nafungua. Gusa hapa, mdogo wangu. Imebaki unyevu tu, eti? Inakwenda kwenye sumaku karibu na tundu la hewa, na kesho asubuhi ni kavu. Hewa ya vyumba vile ni kavu sana, hata midomo itakupasuka, kwa hiyo nguo mbichi inakusaidia na wewe kupumua.

Tuje kwenye mawimbi. Sisi wa Kigoma tunajiona tunajua meli. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilitengenezwa na kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makasha mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, ikashushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Kiwanda kile kile leo kinaunda meli kubwa za utalii. Meli ya mkataba wangu wa pili ilitoka kwao. Nililiona jina Papenburg kwenye kibao cha chuma nikaligusa, nikahisi nimeikuta ndugu yake Liemba ugenini. Lakini Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, ile ilizidi mita 300. Wimbi la kusi huku ziwani linakupiga kwa haraka, dabwadabwa. Bahari kuu inakunyanyua taratibu, inakushusha taratibu, na tumbo halijazoea taratibu hiyo.

Ukiona kaptaini ametangaza bahari chafu, kunywa dawa ya kichefuchefu mapema, kabla hujaanza kuumwa, na uulize kama inaleta usingizi kabla ya kuingia zamu. Kula kitu kikavu kidogo kidogo, biskuti za chumvi au mkate, tangawizi nayo inasaidia. Usikae na njaa ukidhani utapona. Ukipata dakika tano panda juu uangalie mstari wa upeo wa bahari. Na chumba chetu cha chini, ambacho ulikichukia kwa kukosa dirisha, siku hiyo utakishukuru, kwa sababu chini na katikati ya meli ndipo panapoyumba kidogo kuliko kwingine.

Mikono. Kuna virusi vya noro, vinatapisha na kuharisha, na melini vinaenea upesi kwa kuwa wote tunashika reli zile zile za ngazi. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi kwa hivi. Ni maji na sabuni, usugue kati ya vidole na chini ya kucha, kwa sekunde ishirini. Ukianza kuharisha toa taarifa siku hiyo hiyo. Utafungiwa chumbani, ndiyo, lakini ukificha utawaangusha wenzako wote wa zamu.

Kwa Waislamu wenzangu, kibla. Hapa Ujiji tunajua pa kuelekea bila kufikiri. Kule meli inageuka wakati wewe uko kwenye rakaa ya pili. Dira ya simu inadanganywa na chuma cha kuta, usiitegemee chumbani. Washa televisheni ya meli, kuna chaneli inayoonyesha ramani, meli ilipo na inakoelekea. Ukijua pua ya meli iko wapi unajua Makka iko wapi. Mambo ya kuunganisha na kupunguza swala kamuulize sheikh wako kabla hujaondoka, usiyatungie kule. Wakristo, ulizeni ibada ya mabaharia inafanyika lini, meli nyingi wanaipanga usiku baada ya kazi.

Mwisho kabisa, saa. Usimamizi wa meli unahesabu kwa saa ishirini na nne, 1900 ni saa moja yetu ya usiku. Andika jedwali dogo ubandike kitandani mpaka likukae kichwani. Ukivuka Atlantiki kuelekea Marekani, usiku kadhaa saa inarudishwa nyuma, unapata saa moja zaidi ya kulala. Ukirudi huku, zinakatwa. Meli ikiwa Miami wakati wa baridi, nyumbani kuko mbele kwa saa nane. Ukipiga simu saa mbili usiku baada ya kazi, Kigoma ni saa kumi alfajiri, unamshtua mama anadhani kuna msiba. Piga kwenye mapumziko ya saa tisa alasiri, huku ni saa tano usiku, bado hawajalala. Intaneti ya melini inalipiwa na ni ghali, kwa hiyo bandarini ulizia kituo cha mabaharia, kama vile cha Mission to Seafarers, shirika la Kikristo linalohudumia mabaharia, ukae na simu yako kwa utulivu.

Mimi navaa saa mbili. Hii ya kulia ni ya meli, naibadilisha kila wakitangaza. Hii ya kushoto ni ya Kigoma, siigusi tangu siku napanda treni hapa stesheni mpaka siku nashuka.