Acheni Kuugusa Mtambo Uliotulia

Mwenyekiti, ahsante kwa kunikaribisha. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naona humu ndani kuna watu wa viwanda, wa hospitali, walimu wakuu na maofisa mipango. Wastani mnaujua tangu sekondari, kwa hiyo siupotezei muda. Nimekuja kuzungumzia kile ambacho wastani unakificha: ukipima kitu kilekile kila siku, namba hazilingani, na viongozi wengi tunaendesha kazi kana kwamba zilitakiwa kulingana. Nimelisema hili katika kumbi nyingi na nitaendelea kulisema mpaka vikao vyetu vya Jumatatu vibadilike.

Sanduku hili mezani lina shanga. Zoezi tulilolifanya sasa hivi si langu, ni la W. Edwards Deming, mwanatakwimu wa Kimarekani ambaye Wajapani walimwita mwaka 1950 kuwafundisha mainjinia na wakuu wa makampuni yao. Shanga ni 4,000: nyeupe 3,200, nyekundu 800. Kibao kina matundu 50. Mfanyakazi anakichovya sandukuni, anakiinua, anatoka na shanga 50. Mteja anataka nyeupe tupu. Kila nyekundu ni kasoro.

Mmewaona wenzenu sita waliojitolea. Dada wa kwanza alitoa nyekundu 8. Kaka aliyemfuata akatoa 13, nikamfokea mbele yenu. Mama wa tatu akatoa 5, mkampigia makofi, nikamtangaza mfanyakazi bora. Raundi ya pili, mama yuleyule, mkono uleule, kibao kilekile, katoa 12. Nikamuuliza, "Mama, vipi, sifa zimekulevya?" Akaanza kujieleza! Mlimsikia. Alisema labda amekichovya kibao haraka mno. Mtu mzima, mwenye akili timamu, anatafuta sababu ya kitu ambacho hakukitenda. Na yule kaka wa 13 aliposhuka hadi 7, kuna ndugu huko nyuma alisema, "Umeona? Kufokewa kumemsaidia." Ndugu yangu, nimekusikia, na nitakurudia.

Deming alikuwa akilipeleka mbali zaidi. Yeye mwenyewe alijifanya msimamizi. Alihimiza, alikaripia, alitoa nyongeza kwa aliyefanya vizuri. Mwishowe aliwaachisha kazi watatu wa chini, akawabakiza watatu "bora" wafanye zamu mbili, na nyekundu ziliendelea kutoka vilevile. Zitaachaje kutoka? Sandukuni nyekundu ni moja kati ya tano. Katika shanga 50 utegemee nyekundu 10, na bahati peke yake itakupeleka huku na huku, takribani kati ya 2 na 18, bila mtu yeyote kuwa hodari wala mzembe. Anayeweza kupunguza nyekundu ni yule anayenunua shanga. Huyo hakuwepo kwenye mstari wa waliofokewa.

Sasa tuje kikaoni. Jumatatu saa mbili asubuhi, ripoti ya wiki. Mauzo yameshuka asilimia 4. Mkurugenzi anauliza, "Kwa nini?" Meneja wa mauzo anajua asipojibu ameonekana hajui kazi yake, basi anasema mvua, anasema mwisho wa mwezi, anasema washindani. Wiki inayofuata yamepanda asilimia 5, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mnapongezana. Hospitalini ni hivyohivyo: mwezi huu waliochelewa kuhudumiwa ni wengi kidogo kuliko mwezi uliopita, muuguzi mfawidhi anaandikiwa barua ya kujieleza. Ajieleze nini? Mmelinganisha namba mbili. Namba mbili karibu siku zote zitatofautiana. Moja itakuwa juu na nyingine chini. Kuna barua ngapi za kujieleza katika mafaili ya nchi hii ambazo zimeandikwa kwa ajili ya shanga?

Aliyetupa njia ya kutoka hapo ni Walter Shewhart. Tarehe 16 Mei 1924, akifanya kazi na Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu na kiwanda chake kikubwa cha Hawthorne kikiwa jirani na Chicago, alimpelekea bosi wake waraka wa ukurasa mmoja wenye mchoro. Mchoro ule ndio chati ya udhibiti: vipimo vimepangwa kwa muda, na mistari inaonyesha mipaka ya kuyumba kwake. Shewhart alitenganisha mambo mawili. Kuna kuyumba kunakotokana na mfumo wenyewe, sababu ndogondogo nyingi zilizopo kila siku. Hizo tuziite sababu za kawaida. Na kuna kuyumba kunakoletwa na jambo mahususi: mashine imevunjika jino, malighafi imebadilishwa, mgeni amewekwa zamu bila kufundishwa. Hizo ni sababu maalumu. Ukiichukua ya kawaida ukaifanya maalumu, umekosea. Ukiichukua maalumu ukaiita ya kawaida, umekosea pia. Huwezi kuyakwepa makosa yote mawili moja kwa moja, ila unaweza kuchora mipaka itakayokupunguzia hasara ya yote mawili.

Nitawapa kisa cha unga, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Kuna kiwanda cha kusaga na kufungasha sembe nilichowahi kuitwa. Sitakitaja jina. Mifuko ya kilo 5. Fundi wa mtambo wa kujaza ni kijana mwenye bidii kupita kiasi. Anaweka mfuko kwenye mizani: 4.96. Anazungusha skrubu kuongeza. Mfuko unaofuata: 5.09. Anarudisha skrubu. Unaofuata: 4.98. Anaongeza. Mwenye kiwanda alikuwa akimsifu mbele yangu, kwamba huyu hakubali mfuko hata mmoja umpite bila kurekebisha.

Bidii hiyo ndiyo iliyokuwa inamtia hasara. Tazameni kinachotokea. Mfuko uliopungua gramu 40 ulipungua kwa bahati tu: unga ulishuka kwa namna fulani, basi. Mfuko unaofuata una bahati yake mwenyewe, haujui lolote la mwenzake. Ukizungusha skrubu ili kufidia zile gramu 40, umeichukua bahati ya mfuko uliopita ukaipachika juu ya bahati ya mfuko ujao. Sasa kila mfuko unabeba bahati mbili. Hesabu iko wazi na Deming aliionyesha kwa kudondosha gololi kwenye faneli akilenga alama: ukirekebisha kila mara kwa kufidia kosa lililopita, kile wanatakwimu wanachokiita varianzi, yaani mraba wa mtawanyiko, kinakuwa mara mbili, na mtawanyiko wenyewe wa uzito unapanuka kwa karibu asilimia 41. Wenye mtambo uleule wakimwambia fundi aketi mikono kifuani, mifuko itakaribiana zaidi.

Na kwa nini nasema ni pesa? Kwa sababu Wakala wa Vipimo akikukuta na mifuko pungufu, una kesi. Basi mwenye kiwanda anajilinda kwa kupandisha lengo. Badala ya kulenga kilo 5 na kidogo, analenga 5.1, ili hata ule unaoyumba chini usivuke mstari. Kila mfuko unaotoka mlangoni una unga wa bure ndani yake. Mtawanyiko ukipungua, lengo linaweza kushuka. Likishuka gramu 50 tu, katika mifuko 10,000 umeokoa kilo 500 za sembe, na hujanunua mashine mpya wala kumfukuza mtu.

Najua mnachotaka kusema. "Kwa hiyo mwalimu unatuambia tukae tu, tusifanye kitu?" Naulizwa hivi kila ninapokwenda, na nakiri swali hili linanichosha, maana sijawahi kumwambia mtu akae tu. Nimesema usimwandame fundi kwa kila mfuko. Nenda kautazame mfumo. Pale kiwandani, pipa la juu linapokaribia kuisha, unga hushuka tofauti na linapokuwa limejaa, kwa sababu uzito wa unga wa juu ndio unaougandamiza wa chini. Mtambo ule ulipima kwa ujazo. Unga uliogandamizwa, ujazo uleule, unakuwa mzito zaidi. Mkiamua pipa lijazwe kabla halijashuka chini ya nusu, mmeondoa sababu moja ya kawaida. Mahindi yanayoingia na unyevu tofauti kila lori ni sababu nyingine. Hizo haziamuliwi na fundi wa skrubu, zinaamuliwa na ninyi mnaokaa ofisini.

Na sababu maalumu mtaijuaje? Chukueni daftari, si lazima kompyuta. Andika vipimo kama ishirini kwa mpangilio wa muda. Tafuta wastani. Kisha tafuta tofauti kati ya kila kipimo na kile kilichokitangulia, usijali iko juu au chini, na utafute wastani wa tofauti hizo. Uzidishe kwa 2.66. Jumlisha kwenye wastani, upate mpaka wa juu. Toa, upate mpaka wa chini. Tuseme wastani wa mifuko ni kilo 5.05 na wastani wa tofauti ni 0.03. Mara 2.66 ni kama 0.08. Mipaka ni 4.97 na 5.13. Mfuko wa 5.11 hauulizwi chochote, uache upite. Mfuko wa 5.30, simamisha mtambo saa hiyohiyo, hapo kuna jambo. Na vipimo nane mfululizo vikikaa upande mmoja wa wastani, hata kama viko ndani ya mipaka, kuna kilichobadilika, nenda kakitafute kabla ya chai.

Lakini angalieni: mipaka hii imetoka kwenye mtambo wenyewe. Haikutoka kwa mteja wala kwa bosi. Kuna watu huchora mstari wa lengo la mwaka halafu wanauita mpaka wa udhibiti. Lengo linasema unachotaka. Mipaka inasema mfumo wako unaweza nini. Bosi akitaka kisichowezekana na mfumo alionao, watu watampa namba anazozitaka kwa kuzipika, na mnajua zinavyopikwa.

Sasa nimrudie ndugu yangu wa kule nyuma, wa kufokewa. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Akawaambia kusifu kunajenga kuliko kukaripia. Mkufunzi mmoja mzoefu akapinga: nikimsifu rubani kwa kuruka vizuri, safari inayofuata anaruka vibaya, nikimfokea aliyevurunda, safari inayofuata anaruka vizuri. Na alichokiona alikiona kweli! Ila hakikuletwa na maneno yake. Aliyevurunda kupita kawaida yake, mara nyingi safari itakayofuatia itakuwa karibu na kawaida yake, hata ukimnyamazia. Aliyeng'ara kupita kawaida, vilevile. Kahneman aliwarushisha sarafu kwenye shabaha iliyo nyuma ya migongo yao, mara mbili mbili, na waliofanya vizuri mwanzo wengi walishuka, waliofanya vibaya wengi walipanda, bila kusifiwa wala kufokewa. Kwa hiyo, mzee wangu, kaka yetu alitoka 13 akaja 7 kwa sababu kawaida ya sanduku ni 10. Na fikirieni ni wazazi wangapi, walimu wangapi, mameneja wangapi wamejifunza ukali kwa njia hii, wakiamini macho yao wenyewe. Hili linaniuma, kwa sababu wanaoumia ni watoto na watu wa vyeo vya chini.

Walimu, la kwenu. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ilipoacha mwaka 2023 kutangaza shule bora, wengi walilalamika. Mimi niliunga mkono. Chukua shule yenye watahiniwa 20 na nyingine yenye 200, na katika zote mbili kila mtoto ana nafasi ya asilimia 80 ya kufaulu. Ile kubwa itachezea kati ya 74 na 86 miaka mingi. Ile ndogo mwaka mmoja itapata 95, mwaka mwingine 65, kwa walimu walewale na ubao uleule. Juu kabisa ya orodha mtakuta shule ndogo, mtasema udogo ni siri ya mafanikio. Mngeshuka hadi mkiani mngezikuta shule ndogo huko pia. Kumpa mwalimu mkuu zawadi au uhamisho kwa namba ya mwaka mmoja ya watoto 20 ni shanga tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima ya maabara, habari ya William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeandika mwaka 1908 kwa jina la "Student" namna ya kutoa hitimisho kwa vipimo vichache. Wa maabara za hospitali tutafutane baadaye. Na maofisa mipango nilitaka kuwauliza kuhusu mitaro: mvua za vuli huku kwetu zinayumba kuliko za masika, na bahari ya Hindi upande wa magharibi ikipata joto kama mwaka 2019, vuli inamwagika. Mtaro uliochimbwa kwa wastani hauwezi kuibeba. Muulize mkandarasi amechukua rekodi za miaka mingapi, na kubwa kuliko zote ilikuwa milimita ngapi kwa siku.

Na ninyi wa hospitali ambao mna mabango ya Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia ukutani: mabango hayo ya 5S, ya kupanga mahali pa kazi, yalitoka Japani, na Japani chati ya udhibiti ilitangulia kufika kabla ya mabango. Ombeni nayo mpewe. Karatasi zilizochorwa mistari ziko mlangoni. Kila mmoja achague kipimo kimoja cha kazini kwake, akijaze mpaka vifike ishirini, na katika muda huo asimuulize mtu yeyote "kwa nini" juu ya namba moja. Haya, maswali. Tuanze na mama wa mstari wa mbele.