Juhudi za kumpata hazikuzaa matunda: mhadhara kuhusu fadhila za mwandishi wa habari

Asanteni, kaeni. Nimeombwa nizungumzie maadili, na naona wengine mmeshatoa simu mfukoni, maana semina za maadili huanza na kanuni na kuishia kwenye chai. Kanuni mnazo. Baraza la Habari Tanzania lipo tangu 1995, Wakenya wana zao chini ya Sheria ya Baraza la Habari ya 2013, na Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati. Leo sisomi hata moja. Kitambulisho cha ithibati hakijawahi kumpigia mtu simu.

Nazungumzia fadhila. Mnatabasamu, kwa sababu fadhila mnayoijua ni ile ya kulipana, na ya punda ni mateke. Hiyo nayo tutaifikia muda ukiruhusu. Ninayosema mimi ni ile ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: tabia njema iliyomkaa mtu hata haitafuti anapoihitaji. Ujasiri, haki, kiasi, ukweli, na pamoja nazo busara ya kujua lini, kwa nani na kwa kadiri gani. Mtu ataniambia tabia haina dawa. Aristotle aliona vingine: fundi huwa fundi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki tena na tena. Kwa hiyo siulizi mwandishi anaamini nini. Nauliza anarudia nini kila siku kabla kurasa hazijafungwa.

Anarudia hii: "Juhudi za kumpata hazikuzaa matunda kwani simu yake iliita bila kupokelewa." Wanaonijua wameanza kucheka. Chekeni, lakini nitaisema mpaka niache kuisoma magazetini.

Tuitazame kwa karibu. Tuseme habari inadai mkurugenzi fulani ameidhinisha malipo ya kisima kisicho na maji. Mwandishi amekaa na nyaraka siku tisa. Ameongea na wanakijiji, diwani, na fundi anayedai hajalipwa. Mkurugenzi anapigiwa saa 11:40 jioni, ukurasa unafungwa saa 12. Namba ni ngeni, mwenyewe yuko kikaoni, simu inaita mara moja inakatika. Sentensi inaandikwa. Je, kanuni ya kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu imetimizwa? Kwa herufi, imetimizwa. Lakini wengine walipewa siku tisa na yeye dakika ishirini, tena sentensi yenyewe inamchoma: msomaji anaelewa kwamba mtu kajificha.

Mwenye haki hufanya kazi hii mapema na kwa utaratibu wa kuchosha. Anaziandika tuhuma moja moja na kuzipa namba. Asiseme "kuna habari inakuhusu," maana mtu mwenye akili hatajibu kitendawili. Aseme: hati ya malipo namba fulani, tarehe fulani, kiasi fulani, saini inaonekana kuwa yako, je, ni yako? Anapiga simu saa nne asubuhi, anarudia saa nane, na katikati anatuma ujumbe wenye maswali yale yale ili baadaye asiwepo wa kusema hakuulizwa. Asipojibiwa, barua inapelekwa ofisini na nakala inagongwa mhuri wa kupokelewa. Muda wa kujibu uendane na swali. Swali la ndiyo au hapana linatosha saa chache. Swali la malipo ya miaka mitatu nyuma linamtaka mhasibu aingie masjala afukue jalada, basi mpe angalau siku mbili za kazi. Ukimpa Ijumaa jioni hadi Jumamosi asubuhi, hukumpa kitu.

Yote hayo yaingie kwenye karatasi moja yenye safu tano: nani, namba au anwani, siku na saa, aliulizwa nini, alijibu nini. Mhariri asipoiona hiyo karatasi, habari haiendi kwa msanifu kurasa. Na katika habari andikeni ukweli mtupu: "Alipigiwa Jumatatu saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, akatumiwa maswali sita kwa ujumbe, na hadi Jumatano jioni hakuwa amejibu." Msomaji ataamua mwenyewe nani kajificha.

Najua kuna mkono utanyanyuka pale nyuma: "Mwalimu, nikimpigia mapema ataiua habari." Atakimbilia mahakamani kuomba zuio, atampigia mwenye gazeti, au ataita mkutano wa waandishi aimwage kwanza. Kweli, yanatokea. Ndiyo maana nasema fadhila hazitembei peke yake: haki isiyo na ujasiri inaishia kwenye dakika ishirini za jioni. Kabla ya simu ya kwanza, nakala za nyaraka ziwe mahali pawili, mwanasheria awe ameshasoma rasimu, na mhariri ajue jina la atakayempigia kumbembeleza. Habari ikifa kwa sababu mtuhumiwa alileta stakabadhi inayokukanusha, ilistahili kufa. Ikifa kwa sababu bosi wako kapigiwa simu, mwenye kasoro si aliyeulizwa maswali, ni bosi wako.

Na ujasiri wenyewe una pande mbili za kupotelea. Upande mmoja mwoga anaandika "kigogo mmoja" wakati jina analo na ushahidi anao. Upande wa pili mpayukaji anataja jina kwa kuwa limetajwa kwenye kundi la WhatsApp. Huyu wa pili siku hizi anaitwa jasiri. Sisi tuna jina lake la zamani, kanjanja.

Sasa kiasi na subira. Kumbukeni uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022. Tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, picha moja kwa kila kituo, vituo 46,229. Jambo zuri sana. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kwa mpango wake, na kwa wakati mmoja skrini moja ikawa na mgombea huyu mbele, nyingine na yule. Fomu ni zile zile! Kilichotofautiana ni mpangilio wa kuziingiza: ukianza na ngome ya mmoja, ndiye anayeongoza jioni hiyo. Kabla matokeo hayajatangazwa tarehe 15, hesabu kwenye skrini kadhaa zilikuwa zimesimama, na mtazamaji akabaki anajiuliza kulikoni.

Wengine walikimbilia kusema waandishi wamehongwa. Mimi nafanya hesabu. Fomu 46,229, kila moja iingizwe na watu wawili wasioonana ili tarakimu zilizogeuzwa zinaswe, dakika moja kila mara: hizo ni dakika 92,458, yaani saa zaidi ya 1,540. Ukiwa na watu 60 wasiokula wala kulala, ni zaidi ya saa 25, na picha zenye ukungu bado hazijaangaliwa. Chumba cha habari ambacho hakikupanga zamu hizo miezi sita kabla hakiwezi kuwa na subira usiku wa matokeo hata kikitaka. Kingeweza hata hivyo kufanya jambo dogo: kuchanganya fomu za kaunti zote tangu mwanzo, na kuandika chini ya kila asilimia, kwa herufi za kuonekana, "fomu kadhaa kati ya 46,229." Asilimia isiyo na hiyo ni porojo yenye rangi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Bahasha, basi, yaani pesa anazopewa mwandishi na mwenye habari, kwa ufupi. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake cha 1981, anatoa mfano wa mtoto anayepewa peremende ili acheze sataranji: maadamu anachotaka ni peremende, hana sababu ya kutoiba mchezo. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyochapwa tu, naye nauli anaitoa mfukoni, tumemzoesha peremende sisi wenyewe. Akipewa "mshiko" na mwenye mkutano anarudi kulipa fadhila, ile ya kwenu. Mhariri asihubiri hapa. Amlipe nauli kabla hajaondoka, hata kama habari haitatoka.

Masahihisho na picha za maiti nilikusudia kuvisema, havitawezekana leo. Ile karatasi ya safu tano nimeiacha mlangoni, nakala zipo za kutosha. Mkiichora upya ofisini kwenu, safu ya mwisho, ya "alijibu nini", msiibane. Wengi huiachia nafasi ya neno moja, na neno lenyewe wameshalijua kabla hawajapiga simu.